Roboti ya Kupeleka Maji Kitandani

Katika kijiji chetu cha Kangundo husimuliwa kwamba maji ya mwisho aliyokunywa mke wangu aliletewa na roboti. Mimi sikuyaona hayo, kwani sikuwa nyumbani. Nitaandika tu niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Nilifundisha hesabu miaka mingi mno; siwezi kukubali jibu lisiloonyesha njia.

Mjukuu wetu alikuwa darasa la saba. Alibeba jina la mke wangu, kama desturi ya Wakamba inavyotaka kwa binti wa kwanza wa mwana, kwa hiyo nilimwita "mke wangu mdogo" naye akinijibu kwa ukali wa mke mkubwa. Mwaka ule shule za msingi ziliitwa mjini Machakos kushindana kubuni roboti. Wenzake wengi walichora. Yeye aliunda: mkebe wa mafuta ya kupikia, magurudumu ya vifuniko, mota ya redio kaseti iliyokufa, juu yake waya wa kushikilia kikombe, na uzi mrefu wa kuiwasha kutoka mbali. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa susu, yaani bibi yake, ambaye alikuwa hainuki tangu mavuno ya kahawa.

"Susu, ukisikia kiu vuta huu uzi. Itakuja."

"Na ikinimwagia?"

"Basi utakuwa umeoga."

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaamuru betri za redio yake zitolewe zitiwe kwenye mashine. "Matangazo ya vifo nimeyasikia ya kutosha," alisema.

Betri zenyewe zilikuwa zimechoka. Mtoto akafanya tunavyofanya sote huku: akazianika juani juu ya ukuta wa tangi. Nilimweleza kwamba jua haliongezi nguvu mpya, huamsha makombo tu ya ile iliyobaki.

"Umau, hata makombo huliwa," akanijibu mimi babu yake, akizigeuza upande wa pili.

Siku ya mashindano kulikuwa na ukungu na baridi ya Julai, na jua halikutoka. Ukumbini roboti ilianza vizuri, kikombe kimejaa, ikafika katikati ya meza ikasimama.

"Imelala!" mvulana mmoja alipiga kelele.

"Huyo susu yako atakufa na kiu!" akaongeza mwingine, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mwamuzi alisifu wazo, akaita shule iliyofuata. Mjukuu wangu hakulia. Alitoka nje akamwaga yale maji kwenye maua, polepole, mpaka tone la mwisho.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja tu: "Ilifika?"

"Itafika, susu."

Jumamosi jua lilitoka. Duka la karibu halikuwa na betri, nikaamua kwenda mjini kununua mpya. Kabla ya kuondoka nilijaza kikombe mimi mwenyewe, nikakiweka kwenye waya wake, mashine ikiwa mlangoni. Betri za zamani zilikuwa zimeanikwa ukutani. Mke wangu alikuwa usingizini, na mjukuu wetu alibaki naye.

Niliporudi alasiri nilikuta wanawake wamesimama uani, na hakuna aliyenisalimu kwanza. Nikajua.

"Ilimpelekea maji yenyewe, mwalimu," jirani mmoja alininong'oneza.

"Nani aliona?"

"Watu wanasema."

Niliingia. Mjukuu wangu alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kwenye magoti. Sikumwuliza kitu siku ile, na hadi leo sijamwuliza. Nilifunika uso wa mke wangu, kisha nikainama. Pua ya mashine ilikuwa imegusa mguu wa kitanda. Kikombe kilikuwa kwenye waya wake, nacho kilikuwa na maji nusu. Nilifungua mfuniko, nikazishika zile betri nilizoziacha zimeanikwa ukutani.

Zilikuwa bado na joto.