Filamu yetu ilinyimwa kibali kwa sababu ya kovu la Bi Rukia

Salaam aleikum wakuu. Mimi hapa huwa msomaji tu, lakini hili nimeshindwa kukaa nalo. Nililiona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke, mhariri wa filamu. Kwetu ni Rabai, nimepanga chumba Makadara huku huku Pwani. Mwaka jana tulitengeneza filamu fupi kuhusu saratani ya matiti.

Mhusika mkuu ni Bi Rukia, mjane wa Kibokoni, mshonaji wa mabuibui. Alikatwa titi la kushoto. Ni mtu wa stara hasa, hata duka la jirani haendi bila buibui. Kwa hivyo siku aliposema yuko tayari kufungua kifua mbele ya kamera, mimi na director (naye ni mwanamke) tulitazamana tu.

Klipu yenyewe fupi. Anateremsha kanga, kovu linaonekana, anasema, "Ndilo hili. Sikufa."

Tukaomba kibali cha kuionyesha kwa bodi ya filamu. Jibu likaja: hapana, huo ni uchi wa kifua cha mwanamke. Tukiweka blur, yaani ukungu, kwenye kovu, tutapewa.

Kwangu blur ni kazi ndogo, nilishaanza kuifanya. Lakini Bi Rukia aliposikia, akataka tumpeleke kwa ofisa mwenyewe.

Ofisa alikuwa kijana wa bara, mstaarabu. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti.

"Mwanangu, nambia," Bi Rukia akasema. "Mwakataza titi?"

"Ndiyo mama. Ndivyo kanuni zinavyosema."

"Haya. Hilo langu liwapi?"

Yule kijana akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuelewa. Lakini siamui peke yangu. Kateni rufaa."

Tukarudi. Nilidhani Bi Rukia amekata tamaa. Kumbe wapi.

Wiki hiyo hiyo, baada ya Alasiri, aliwaita wanawake nyumbani kwake. Sebule ikajaa, wengine wakakaa ngazini. Wote walidhani wamekuja kutazama filamu. Sisi hatukuleta hata screen, hatukutaka kuvunja sheria.

Bi Rukia akasimama. Akavua buibui, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Kisha akateremsha kanga.

Wakuu, lile kovu nimelitazama mara nyingi kwenye laptop, nikipanga rangi, nikipunguza mwanga. Nilidhani nalijua. Pale sebuleni niliona silijui. Hakuna aliyeinua simu, hata wale mabinti wa siku hizi.

"Nilikaa na uvimbe nikiona haya kusema," akasema. "Haya zile ndizo zilizotaka kuniua."

Ndipo jirani yake, Mama Saumu, akapita katikati ya watu. Akaushika mkono wa Bi Rukia, akauweka kifuani mwake, juu ya nguo.

"Nishike hapa. Sijamwambia mtu, hata baba Saumu."

Bi Rukia hakuuondoa mkono.

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Ilikuwa saratani, ila imewahiwa. Mama Saumu ametibiwa, sasa amerudi kuuza viazi karai kule ufukweni Mama Ngina. Majuzi jioni nilimpitia, akanizidishia ukwaju.

Filamu bado haina kibali, tunasubiri rufaa. Simlaumu yule ofisa, na hata mimi sitaki watoto waonyeshwe kila kitu.

Nilichojifunza: uhuru wa kusema nilikuwa nauona ni mambo ya wanasiasa na wasanii wanaobishana redioni. Siku ile nilimwona mama ambaye sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, akisema jambo moja kwa mwili wake, na mtu akapona.

Wanasheria wa humu, nisaidieni: kovu ni uchi? Na kina dada, kama kuna mahali mnaogopa kujigusa, jiguseni leo. Nawasikiliza.