Zimwi la Rangi Mbichi

Wasomaji wenzangu, nichekeni tu, maana wengine walishanicheka hadharani. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu katika kambi moja huku kwetu Ngara. Watoto wa darasa langu walipenda sana hadithi ya zimwi lenye ulimi mwekundu. Nikaona niwatengenezee. Nikalifinyanga kwa udongo wa plastiki ulioletwa na wageni wa misaada, ule unaogumu kwa moto, nikalioka chunguni, kisha ulimi wake nikaupaka rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango.

Asubuhi nilidhani rangi imekauka. Nikalilaza zimwi kifudifudi kwenye kiti changu, nikafuta ubao, halafu nikalihamishia mezani na kuketi pale pale. Niliposimama kuandika, darasa zima likaangua kicheko. Sikuwahi kuwasikia wakicheka hivyo tangu wavuke mpaka. Nikajisifu moyoni, kumbe mimi fundi! Nikawageuzia mgongo tena, wakazidi. Kwa maringo nikawaita akina mama waliokuwa wakichota maji nje waje waone kazi yangu.

Mama Esperansi, mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, hata hakulitazama zimwi. Alifungua kitenge chake, kile kimoja alichokimbia nacho, akanifunga kiunoni.

"Mama, vipi tena?" nikashangaa.

"Pole, mwalimu," akaninong'oneza. "Ule ulimi umeukalia. Wote uko kwenye sketi."

Nikakishika kile kitenge kwa mikono miwili, nikamwambia asante, asante, mpaka naye akashindwa kujizuia, akacheka.