Araceli, mfunga vivuli wa Sevilla

Saa tisa alasiri, jiji zima la Sevilla limejifungia ndani na kulala. Araceli Montaño yuko juu ya paa, ameshikilia kamba kwa mikono miwili, na hathubutu kuiachia.

Pete ya chuma iliyoibeba kamba hiyo imeng'oka ukutani sasa hivi. Kwenye ncha ya kamba linaning'inia turubai jeupe lenye nondo ukingoni. Chini yake kabisa, katikati ya kichochoro, bwana na bibi harusi waliokuja kutembea wamekumbatiana.

"Tokeni hapo! Tokeni!" Araceli anapiga kelele.

Wageni wanatazama juu. Bwana harusi anampungia mkono. Bibi harusi anatoa simu na kumpiga picha.

Araceli ana miaka arobaini na sita. Kila kiangazi yeye na shemeji yake Eusebio hupanda mapaa kufunga maturubai yanayowakinga wapita njia na jua. Hulipwa euro sitini na tano kwa siku, na glavu wanajinunulia. Zake zilikuwa zimechanika, akazivua asubuhi ile.

"Watu wanakuja huku kwa mapenzi," anasema. "Wameona picha za vichochoro na maua kwenye vibaraza. Joto limefika nyuzi arobaini na tatu, sisi tumejifungia, wao ndiyo kwanza wanatoka!"

Ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kuwaondoa. Eusebio, aliyekuwa kwenye paa la ng'ambo, alikimbilia mlango wa ngazi akakuta umefungwa kwa ndani. Aligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako usingizini.

Araceli alitafuta pa kuizungushia kamba, hakupaona. Akakita miguu kwenye ukingo wa paa na kujivuta nyuma, huku kamba ikimteleza kidogo kidogo na kumchuna viganja.

"Nilijua siwezi kuishika zaidi," anasema. "Nilikuwa naangalia nywele za yule binti. Alikuwa amechomeka ua."

Ndipo dirisha moja likafunguka. Bi Patrocinio, mjane wa miaka themanini na moja ambaye mtaa mzima unamwogopa, akatoa kichwa.

"Mna wazimu nyie? Watu wamelala!"

"Bi Patro, wamwagie maji hao hapo chini!"

"Wamekukosea nini?"

"Nitawaua, bibi! Mwaga!"

"Nina maji ya deki tu."

"Hayo hayo!"

Ndoo ikamiminwa. Wageni wakaruka na kukimbilia kona, wakitukana kwa lugha yao. Araceli akaachia. Nondo ikatua pale pale waliposimama na kupasua jiwe la njia.

Bibi harusi akalitazama lile jiwe, akakaa chini kulia. Bi Patrocinio akashuka na jagi la supu baridi ya nyanya, akawanywesha huku akiwafokea. "Kunyweni! Kisha mwende mkalale kama watu. Mapenzi hata ndani yapo!"

Siku chache baadaye Araceli yuko nyumbani kwake, viganja vimefungwa bendeji. Anasema vidonda havimsumbui sana. "Yule bwana harusi alinipungia mkono. Kila nikifumba macho nauona ule mkono. Naogopa, sikufichi."

Hata hivyo atarudi paani. Amemwambia msimamizi wake kwamba hapandi mpaka pete zote za ukutani zikaguliwe moja moja, na Eusebio amesema hivyo hivyo. Msimamizi amenuna, lakini mafundi wameanza kazi.

Mumewe Curro, mwoka mikate, analeta kahawa. Tangu waoane anataka watembee vichochoroni wameshikana mikono, kama wageni. Wamejaribu mara kadhaa.

"Mwenzangu macho yake yako juu kwenye pete za ukutani tu," Curro anasema. "Namwambia, we mwanamke, mimi niko huku chini!"

Araceli anacheka, kisha anaviangalia viganja vyake. Anasema kabla kiangazi hakijaisha watatoka, saa tisa hiyo hiyo, waende mpaka kwenye lile jiwe lililopasuka.

"Anibusu pale pale," anasema. "Bi Patro akitaka atumwagie. Mimi sitatazama juu."