Dakika za Kadi

Nyumbani kwake wanamwita Mgeni. Jina hilo alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu asiyejua kuuma maneno, siku aliyomkuta mwenye nyumba mwenyewe anauliza swichi ya taa ya ukumbini iko wapi. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, naye akacheka nao, na jina likamganda. Tusidanganyane, halikuwa na kosa. Mtu anayefika kwake mara moja kwa mwaka, akakaa wiki chache kisha akafunga begi, ungemwitaje?

Kazi yake ni upishi wa meli. Usije ukafikiria meli za watalii zenye taa za rangi na muziki. Hii ni meli ya makontena, chuma kitupu, injini inanguruma mchana na usiku, na jiko lake ni chumba chembamba ambamo sufuria huzungushiwa vyuma juu ya moto ili bahari ikichafuka zisimwagike. Humo Mgeni hukanda unga wa mikate kabla wenzake hawajaamka, humenya viazi ndoo kwa ndoo, kisha husugua masinia mpaka mgongo umlalamikie. Mabaharia wenyewe wametoka kila pembe ya dunia. Anayesema lugha yake ni mmoja tu, fundi wa mitambo, ambaye kwa jinsi mikono yake isivyotakata hata kwa sabuni ya aina yoyote, wamembatiza Grisi.

Sasa tuje kwenye mtandao. Msafiri wa nchi kavu akilalamika kwamba bando limepanda bei, Mgeni humwonea huruma, ila kidogo tu. Baharini hakuna mnara. Kuna setilaiti, na setilaiti ya meli yao kwa miaka mingi iliuzwa kwa kadi. Unakwenda kwa nahodha, anakutolea kadi ya kukwangua, anaikata kwenye mshahara wako, na bei yake ni sawa na ujira wa siku nzima ya viazi. Ukipiga simu ya sauti tu, bila picha, unapata dakika tatu. Grisi aliwahi kununua kadi, akaingiza namba, akajiegemeza vizuri kitandani ampigie mkewe, kumbe simu nayo ilikuwa na njaa zake. Ikaanza kujisasisha yenyewe kimyakimya, na kabla hajasema halo, kadi ilikuwa imeliwa yote. Mgeni alimwekea chakula siku ile, na asubuhi alikikuta kama alivyokiacha.

Bandarini kulikuwa na nafuu, ila na yenyewe ya kubangaiza. Laini ya nyumbani ukiiwasha ugenini inakunyonya kama kupe. Picha moja tu ya mtoto amevaa sare mpya iliwahi kumaliza salio lote la Mgeni kabla haijafunguka hata nusu. Kwa hiyo mabaharia waliposhuka walitafuta mtandao wa bure. Ungewakuta wamekaa ukingoni mwa barabara, nje ya duka lililofungwa ambalo mwenyewe alisahau kuzima mtandao wake, kila mmoja amegeukia ukuta, anauambia ukuta kwamba anaupenda na atarudi mwisho wa mwaka.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipoanza shule, Mgeni aligundua kwamba kinachomlia kadi ni salamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema. Za shule?"

"Nzuri. Na wewe afya yako?"

Hapo nusu ya kadi imekwenda na hakuna lililosemwa. Mgeni akapiga marufuku. "Mwanangu, kuanzia leo nikipiga usinisalimie. Anza na habari, moja kwa moja."

Mkewe alikasirika. "Unamharibu mtoto. Atakua hana adabu."

"Adabu atanionyesha nikija."

Basi mtoto akajifunza. Kila Jumapili simu ikiita, anavuta pumzi moja na kuyamwaga yote: "Baba tuko salama, mama kifua kimepona, nimekuwa wa nne darasani, mwalimu wa hesabu amehama, paa limezibwa, paka amezaa kwenye kabati lako, hela imefika asante..." na hapo simu inakatika. Mama yake akamwita Redio. Na hiyo pumzi moja Mgeni aliitafuna wiki nzima. Alikuwa akimenya viazi anamfikiria yule paka. Alimsimulia Grisi habari za paka mpaka Grisi akamwambia, "Jamani, yatosha." Lakini si paka aliyemfurahisha. Ni lile neno, kabati lako. Bado kulikuwa na kitu ndani ya nyumba ile kinachoitwa chake.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na ndani yake akajijengea imani moja ambayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba kuna neno ambalo halijawahi kupata nafasi. Kadi ingekuwa na dakika moja zaidi, aliwaza, mmoja wao angelisema: rudi. Alikuwa na akiba ya kufungua tanuri dogo la mikate, mgongo wake umechoka, na hamu ya kurudi alikuwa nayo tele. Ila alijua hali yake ndani ya nyumba ile, na mgeni haendi kuhamia pale ambapo hakuitwa. Akasubiri aitwe. Na kwa kuwa hakuitwa, lawama zote akazitupia bei ya kadi.

Redio alikuwa mwaka wa mwisho wa shule kampuni ilipofunga dishi jipya juu ya meli, bapa kama sinia la kuokea. Nahodha akawakusanya kwenye chumba cha kulia na kutangaza kwamba kadi zimekufa. Kuanzia siku hiyo mtandao ni bure, saa zote, mtu apige mpaka achoke. Mabaharia walipiga meza makofi. Mgeni alioka keki, kitu ambacho kwa kawaida hukifanya mwaka mpya tu.

Wiki chache baadaye hakukuwa na mtu wa kula naye. Kila mmoja alikuja na sahani yake, akapakua, akaenda kujifungia na simu. Karata zikakaa kwenye droo. Hata Grisi, aliyekuwa akibaki jikoni kupiga soga mpaka afukuzwe, sasa alipakua akiwa amebana simu kati ya sikio na bega. Mgeni akawa anafuta meza ambazo hazikuchafuka.

Na yeye je? Yeye alipiga siku ile ile ya tangazo, kwa video. Redio akatokea kwenye kioo, mrefu, amesuka nywele, uso wa mtu mzima.

"Shikamoo baba," binti akasema, taratibu.

Mgeni alishtuka. Ilikuwa shikamoo safi, ya heshima zote, namna ile anayopewa mpangaji mwenzio unapopishana naye mlangoni. "Marahaba," akajibu. Wakasalimiana mpaka salamu zikawaishia. Redio akazitoa habari zake kwa pumzi moja, kama alivyozoea, kisha akanyamaza kungoja simu ikatike. Haikukatika. Mgeni akatabasamu. Binti naye akatabasamu. Mkewe akapita nyuma, akapunga mkono, akasema, "Umekonda," akaenda zake. Wote watatu hawakujua kuagana, maana hawakuwahi kulazimika.

Akapiga kesho yake, na keshokutwa. Wakawa wanaiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuendelea na shughuli zao, na Mgeni akabaki anatazama pazia. Lilikuwa pazia la kijani. Hakujua lilinunuliwa lini. Baadaye simu zikaanza kutopokelewa. "Bando liliisha, baba," Redio akaeleza, na kweli, mtandao ulikuwa bure kwake tu, wao walilipia. Akawanunulia bando la mwezi mzima. Hapo ikawa simu haikuwa na chaji.

Ilimuuma. Alijikaza, akajiambia ni mambo ya ujana, lakini ilimuuma hata chumvi ikawa inamzidi mkono kwenye supu.

Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho, na nahodha alitaka jibu: anaongeza au anashuka? Mgeni akaona basi, sasa dakika zipo, aulize waziwazi. "Mwanangu, mnaonaje nikirudi nikabaki huko huko?"

"Wewe unavyoona, baba."

"Mama yako anasemaje?"

Mkewe akasogea kwenye kioo. "Sisi tutasema nini? Wewe ndiye unayeijua kazi yako."

Majibu ya adabu kabisa. Huwezi kuingia nayo, huwezi kutoka nayo. Alipomlalamikia binti yake, kwa upole, kwamba siku hizi hawaongei, Redio alifikiri kidogo kisha akamjibu bila ubaya wowote: "Zamani nilikuwa nakuwekea maneno wiki nzima, baba. Nayapanga kabisa, lipi litangulie. Sasa unapiga kila siku, sipati hata la kuweka."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa wazo, na wazo lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa la kijinga. Akakaa kimya Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili akapiga, bila picha. "Mwanangu, kampuni wametuondolea mtandao wa bure. Tumerudi kwenye kadi. Nina dakika tatu. Anza!"

We acha tu. Kilichofuata kilimfanya Mgeni ashike ukingo wa meza. "Baba pole, tulidhani unaumwa, mama hakulala juzi, mjomba anataka nikakae dukani kwake nimekataa, nataka kusomea uuguzi, nimeshapeleka maombi sikumwambia mtu ila wewe, nimejikata kidole na kopo lakini kinapona, na mama anajifungia chumbani analia akidhani sisikii..." Mgeni aliyapokea yote. Huyu ndiye mtoto wake. Alikuwa hapo siku zote. Macho ya Mgeni yalikuwa kwenye saa ya oveni. "...halafu baba, huo mkataba, mama hawezi kukwambia mwenyewe lakini sisi..."

Dakika ya tatu ikatimia, na Mgeni akakata.

Hakuna aliyemlazimisha. Ni kidole chake mwenyewe. Uongo ukishautunga lazima uuhudumie, na mwongo asiye na uzoefu ndiye anayeuhudumia kupita kiasi. Akabaki ameikodolea simu macho. Mtandao umejaa mpaka juu. Akijifanya mtu wa kadi, itabidi angoje Jumapili nyingine, na nahodha alishasema anataka jibu kabla siku ile haijaisha. Sisi nini? Sisi tunakungoja? Sisi tumezoea hivi hivi? Alizunguka jiko, akafunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari. Kisha akapiga tena.

"Baba? Umenunua kadi nyingine?" Sauti ya Redio ilikuwa na wasiwasi. "Hela nyingi hiyo, baba."

"Malizia, mwanangu. Ulisema sisi. Sisi nini?"

"Kwanza niambie, umepata wapi kadi haraka hivyo?"

Angeweza kudanganya tena. Hakuwa na nguvu hizo. "Hakuna kadi. Mtandao upo, haujaondolewa. Niliwadanganya."

Mgeni alisikia bomba la maji la nyumbani kwake likidondosha maji, na akajikuta anafikiri kwamba linahitaji mpira mpya.

"Kwa nini?" Redio akauliza.

"Kwa sababu mkiwa na haraka mnaniambia mambo."

Alitegemea angecheka, au angelia. Alikuwa tayari kwa vyote viwili. Lakini binti alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo na ngumu. "Na zile za zamani? Nilipokuwa mdogo, ulikuwa unakatika kila mara kabla sijamaliza. Nilikuwa nabaki nimeshika simu naita baba, baba. Hata zile ulikuwa unakata mwenyewe?"

Hili halikuwa limemjia akilini hata kidogo. Zile siku za viazi, zile kadi alizozikwangua kwa ukucha taratibu asije akafuta namba, miaka yote ile aliyojinyima hata soda ya bandarini ili apate pumzi moja ya mtoto wake, vyote vilikuwa vimesimama mbele ya binti huyu bila shahidi. "Haki ya Mungu, mwanangu, zile zilikuwa za kweli. Ilikuwa ghali. Ilikuwa ghali sana."

"Nitajuaje?"

Mgeni angemwita Grisi ashuhudie, lakini Grisi naye angekuwa sauti tu, kutoka kwenye simu ile ile.

"Nijibu, baba. Nitajuaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi njoo unieleze hapa," Redio akasema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Uje ukae hapa mbele yangu nikutazame machoni, unieleze yote. Kwa simu sitaki tena. Sikuamini." Akakata.

Mgeni alijisikia amechapwa. Akakaa juu ya gunia la viazi, na alipokaa ndipo maneno yenyewe yakamfikia vizuri, moja moja. Akafuta uso kwa aproni, akazima moto wa supu, akapanda ngazi.

Nahodha alikuwa anatazama ramani. Aliposikia kwamba mpishi wake haongezi mkataba alisikitika, akauliza kama tatizo ni mshahara, au kama kuna mtu amemuudhi.

"Hapana," Mgeni akasema. "Nyumbani wananiita."

Ilibidi alirudie neno hilo, kwa sababu ya kelele za injini.