Mashine ya kazi saba ya Mama Trevor, na sufuria zilizojaa kwangu

Wakuu, habari za jioni. Nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha.

Mama Trevor ameolewa na ndugu ya mume wangu. Tuko boma moja hapa Malaba, milango inatazamana.

Juzi juzi alivuka border akarudi na multi-cooker, mashine ya umeme ya kupikia. Inachemsha, inakaanga, inaoka. Kazi saba, chombo kimoja. Akasema nyumba yake sasa itapumua, hataki vitu vingi.

Sufuria zake zote akanipa mimi, kama mtu anayegawa nguo zilizombana.

Wivu ulinishika, sifichi. Mama mkwe alikuwa anapeleka kila mgeni kwa Mama Trevor aone mashine. Kwangu walikuwa wanasalimia tu.

Basi tukaambiwa wageni wanakuja kutoka Funyula kuleta posa ya wifi yetu. Hapa kwetu, mke anayekabidhiwa jiko siku kama hiyo ndiye anahesabika kwenye boma. Miaka yote nilikuwa ni mimi. Safari hii Mama mkwe akampa Mama Trevor.

Mimi nikaambiwa nitanawisha wageni mikono.

Siku ikafika. Kuku akaingia kwa mashine. Mchele ukangoja kuku atoke. Halafu ikafika zamu ya ugali wa wimbi na muhogo, ule mzito, na mgeni wa posa huwezi kumpa wali peke yake.

Mama Trevor akikandamiza mwiko, sufuria ya ndani inazunguka pamoja na mwiko. Wageni wameketi, mimi nimesimama na birika la kunawia, yeye anavutana na mashine.

Mwishowe akanifuata, jasho tele, akaongea polepole.

"Mama Faith, niazime sufuria."

Sufuria zake mwenyewe! Nilisikia raha mpaka kwa mifupa. Nikawasha kuni, nikasonga huo ugali kwa mkono wangu.

Wageni wakala, wakashiba. Mama mkwe akasimama kushukuru. Akasifu kuku wa mashine. Ugali hakuutaja.

Nilinuna mpaka mume wangu akachoka, akaninunulia mashine kama ile. Mama Trevor naye akanunua sufuria mpya, maana anaona aibu kuniomba zile za zamani.

Kwa hivyo boma lililotaka vitu vichache sasa lina mashine mbili, sufuria zake mpya, zake za zamani, na zangu. Kabati yangu haifungiki.

Somo nililopata: chombo cha kazi saba kinapunguza vitu kama huna jirani wa kukiona.

Jana Mama mkwe akaja kuona mashine yangu. Nilikuwa nimeipangusa mpaka inang'aa. Akaizunguka, akatabasamu.

"Kumbe na wewe umenunua ile ya Mama Trevor."

Haya, semeni. Nani hapa alinunua kitu cha kazi nyingi na kweli vitu vikapungua kwake? Na anayetaka sufuria aje achukue, bora tu asiwe anakaa karibu na sisi.