Ungamo Lililodaiwa Kituoni

Mgodi ulikuwa umekwama na mishahara imekoma wakati watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoanza kufukuzwa Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Familia yake ilihamia kituo cha treni na magodoro na sufuria, ikingoja mabehewa. Dada yangu, mke wake, alikuwa na mimba kubwa. Viungo vyake vilikuwa vimevimba, na upele ulitanda mashavuni ukivuka pua, kama katika mimba ya kwanza, iliyoharibika.

Mama mkwe wake alishika desturi ambayo hata kwetu, tusio wa Kasai, iliaminika: mwanamke akiteswa na mimba, kuna mwanamume wa nje ambaye hajamtaja. Asipoungama, mtoto hufa, na balaa huwafuata walio karibu naye. Wanawake walimketisha juu ya godoro lililokunjwa. Mmoja alimtania kwamba labda ni wengi, anatafuta wa kuanza naye.

"Taja jina yake, mama, tupande," mama mkwe alisema.

"Mi sina jina ya kutaja."

Treni ilipofika, mama mkwe alikataa kusafiri naye. Shemeji alisimama kati yao, kisha akapandisha masanduku ya mama yake, naye akafuata. Dada alirudi nami nyumbani, mtaa wa Dilala. Alijifungua mtoto wa kike, mzima. Ugonjwa wenyewe ulipewa jina miaka mingi baadaye na daktari wa Lubumbashi: lupus, kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe.

Mimi ni fundi umeme. Biolojia nilijifunza katika vitabu vya Kifaransa, na baadaye nikajifunza kuandika programu za kompyuta. Watafiti huweka wazi kwenye intaneti vipimo vya damu za wagonjwa, bila majina. Nilichukua jeni ambazo utendaji wake hubadilika kwa wenye lupus, nikazilinganisha na jeni zinazoitikia estrojeni, homoni ya kike inayopanda sana wakati wa mimba. Baadhi zilikuwamo katika makundi yote mawili, na kati ya hizo nyingi ni za kinga ya mwili. Huo si uthibitisho kwamba mimba ndiyo iliyoamsha ugonjwa wa dada. Ulinganisho wa aina hii huonyesha tu mahali pa kuchunguza.

Nilimweleza dada. Aliuliza kama kompyuta imemwona yeye. Nilisema hapana, damu zile ni za wanawake wa nchi za mbali. Akasema inatosha, nimpigie simu baba wa mtoto.

Shemeji alinisikiliza bila kunikatiza. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Mwishoni alisema, "Mi nilijua tangu kituoni. Hakukuwa mwanaume mwingine."

Nilimfikishia dada maneno hayo jinsi yalivyo. Alikuwa akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe kwa vidole ambavyo havinyooki tena, wala hakuinua macho.

"Kama alijua," alisema, "sababu gani alipanda treni?"