Kwera Niliyemkata Bawa

Mwezi uliopita tulienda Kalamba kubomoa jiko la susu. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani, na huyu wangu alishatuacha. Paa lilikuwa limeinama, mchwa wamemaliza nguzo, na ndugu zangu wakasema heri liondoke kabla halijamwangukia mbuzi wa mtu. Fundi alipofika upande wa kinu akaniita. "Mlikuwa mnafuga nini humu ndani?" Ukutani kulikuwa na misumari minne na kipande cha waya wa kuku kilicholiwa na kutu. Nikamwambia nilikuwa nafuga ndege. Akarudi kwa nyundo yake, lakini mimi sikufanya kazi tena asubuhi ile.

Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa mpishi hotelini huko Emali, kwenye barabara ya Mombasa, kwa hiyo nililelewa na susu. Asubuhi ilikuwa uji wa mawele wenye moshi kidogo, jioni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na katikati safari za mtoni na punda asiyependa kuharakishwa. Mawele yalipoanza kukomaa nilitoka shule moja kwa moja hadi shambani kuwinga ndege. Nilisimama juu ya jukwaa la miti nikipiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Ndege wenyewe walikuwa kwera, wale wanaosuka viota vinavyoning'inia kwenye migunga. Susu aliwachukia. "Ndege hana shamba," alikuwa akisema, "ndiyo maana hana huruma na shamba la mtu."

Mimi niliwapenda, ila sikuthubutu kusema. Dume la kwera wakati wa mvua ni manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na uso wake ni mweusi kana kwamba amejipaka masizi ya sufuria. Nilitaka mmoja awe wangu. Jumamosi moja, susu akiwa sokoni, niliegemeza ungo kwa kijiti kilichofungwa kamba, nikamwaga mawele chini yake, nikajificha. Haikuchukua muda. Nilipomshika moyo wake ulipiga mkononi mwangu kwa kasi ambayo sikujua moyo unaweza kuwa nayo.

Niliogopa ataruka. Nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Mwingi, fundi wa kushona, nikamwambia susu anaomba makasi. Alinipa bila kuuliza. Nikafungua bawa la kulia, nikakata manyoya yote makubwa kwa mkato mmoja. Hakutoka damu hata tone. Hilo ndilo lililonidanganya kwamba sijafanya kitu.

Susu aliporudi alimkuta ndege anarukaruka uani, akijaribu kupaa na kuanguka kwa ubavu, kila mara ubavu uleule. Nilidhani atacheka, kwa vile alivyowachukia. Aliweka kikapu chini polepole.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, susu."

"Ungemuua ningekuelewa. Huyu umemwacha hai, ukamnyima njia."

Hakunipiga. Alimwokota, akalifungua lile bawa na kuvitazama visiki vilivyobaki, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Manyoya yaliyokatwa hayarefuki. Visiki hukaa hapohapo hadi ndege afike wakati wake wa kunyonyoka, ndipo vinaanguka, na mapya yanaota mahali pake. "Utamlisha mpaka siku hiyo," alisema.

"Ni lini?"

"Ni siku yake, si yako."

Basi tukapigilia waya ukutani jikoni, mahali paka hafiki, na kazi yangu ikawa hiyo. Kabla ya shule nilimpa mawele na maji. Jioni nilichimbua mchwa kwenye kichuguu, kwa sababu susu alisema nafaka peke yake haimtoshi. Makasi niliyarudisha mwenyewe na kusema ukweli. Fundi wa kushona hakunigombeza, ila tangu siku hiyo kila nilipotumwa kwake aliuliza kwanza, "Ni ya kazi gani?"

Juni ikapita na visiki vyake viko palepale. Mwezi wa saba ikaja ile baridi yetu, mawingu kutwa nzima, na kwera akanyamaza. Alikuwa amezoea kupiga kelele asubuhi kama anayegombana na mtu. Sasa alijikunyata, macho nusu yamefumba. Siku moja nikakuta unyoya chini ya tundu, na kesho yake mwingine, na manjano ya kifuani yakaanza kutoka kwa mabaka. Nilimkimbilia susu shambani nikilia.

"Anakufa."

"Hafi. Ananyonyoka. Kamtafutie mchwa."

Nilianza kuokota kila unyoya mkubwa uliodondoka na kuuweka ndani ya daftari langu la hesabu. Wa kwanza ulikuwa kisiki, ule niliokata mimi. Siku iliyofuata ukaanguka mzima, mrefu, wa kahawia wenye ukingo wa manjano, kutoka bawa la kushoto. Siku kadhaa baadaye kisiki tena, na kabla jua halijazama, mzima tena. Niliyapanga sakafuni, ya kulia huku na ya kushoto kule. Yalikuwa yanaanguka kwa jozi. Mmoja kulia na mwenzake kushoto, kuanzia ndani kwenda nje, na hayakufuata mengine mpaka mapya yameanza kuchomoza. Huko nje, nikawaza, kuna kwera wengi wanaofanya hivi sasa hivi kwenye migunga na hakuna anayeanguka, maana kila kinachopungua upande huu kinapungua na upande ule.

Na mapya! Yalitoka kama vijiti vya buluu vilivyofungwa kwenye karatasi laini, mafupi kuliko ukucha wangu. Kila asubuhi vilikuwa vimerefuka. Kisha ncha ikapasuka, na kutoka ndani unyoya ukajifungua taratibu, ukiwa mkamilifu, hauna hata dosari. Mwalimu wetu aliliona daftari siku ya kusahihisha. Alifungua kurasa zile zilizojaa manyoya, akakaa nazo muda mrefu kuliko alivyokaa na hesabu zangu, akanirudishia bila kunichapa.

Shule ilipofungwa Agosti mama alituma nauli niende Emali. Mwaka mzima nilikuwa nimeisubiri safari hiyo, chipsi na malori na kulala kitanda kimoja na mama. Kwera alikuwa amebakiza manyoya mawili ya nje kila upande. Susu alisema angemwangalia yeye. Nilikwenda hadi stendi, nikarudi na begi langu. Mama alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, akiwa na hasira, akasimama mbele ya waya akitazama, na hasira ikamtoka. "Kwa hiyo ni huyu," alisema tu.

Kufikia mwisho wa Septemba hakukuwa na manjano hata kidogo. Alikuwa ndege mdogo wa rangi ya vumbi, mwenye michirizi, ambaye nisingemtega kamwe. Mabawa yote mawili yalikuwa sawa. Susu alifunga mlango wa jiko tukamfungulia. Akapaa hadi kwenye boriti kwa mruko mmoja. Tukafungua mlango. Alikaa juu ya ua wa mnyaa akijichambua, bawa moja kisha la pili, halafu akaondoka bila kutuangalia.

"Na usiguse mawele yangu," susu akampigia kelele.

Siku hizi Kalamba hakuna anayepanda mawele. Ni mahindi na ndengu, na watoto hawajui debe la kuwinga ndege ni kitu gani. Migunga ya karibu na mto ilikwisha kuwa makaa. Mama alistaafu Emali, fundi wa kushona alirudi kwao Mwingi, na daftari lenyewe liliingia maji mwaka niliokwenda sekondari.

Lakini kabla susu hajatuacha, tulipokuwa tumekaa naye uani akiota jua, nilimuuliza alijuaje kwamba manyoya yale yataota.

"Sikujua," alisema. "Kuku nilikuwa nimeona. Kwera sikuwahi kumfuga."

"Sasa kama yasingeota?"

Alinitazama kama anayeulizwa swali la mtoto.

"Tungemlisha."